Ya Sita na ya Tisa

Jumatatu, 4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila hilo la hatujambo nitalieleza mbele.

Usihangaike kunipigia, simu sina tena. Mwalimu aliweka beseni la maji mbele ya kundi letu la maombi, kila mtu akatumbukiza yake. Alisema ni sanamu ya mfukoni: tunaiinamia kabla hatujanawa uso, tunaiinamia tukienda kulala. Nilicheka kidogo maana ni kweli. Yangu ikazama na namba zako zote. Kwa hiyo sasa ni barua, na huyu dereva wa basi ndiye posta wetu.

Mwalimu unamjua, ni yule aliyekuwa akiuza magodoro. Unakumbuka mume wangu, Baba Chiriku, alivyoungua jicho na cheche za kuchomelea, tukadhani ndiyo basi? Mwalimu alimwombea, jicho likarudi. Akaanza kusali pale, nami nikamfuata. Sasa naona nimempita.

Jumapili fundisho lilikuwa amri ya kwanza, usiwe na miungu mingine. Akasema ukiwa na chupa ambayo bila hiyo huwezi kuishi, chupa hiyo ndiyo mungu wako. Akaniangalia mimi. Watu wote wanajua mtoto wetu Chiriku ana sukari na anachomwa sindano kila siku. Tulipofika nyumbani nikamuuliza mume wangu, "Umesikia?" Akasema, "Nimesikia." Akaenda kuoga.

Bado namchoma, asubuhi na jioni. Lakini nikivuta dawa nasema moyoni, je, kama kweli namwabudu huyu wa kwenye chupa? Marehemu baba alikutia kichwani amri zote kumi kabla hujaota meno ya pili. Nijibu. Lakini nijibu kwa Maandiko, usinijibu kwa hospitali.

Mdogo wako,
Fundi

*

Jumamosi, 9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nitakujibu kwa vyote viwili, utanisamehe. Ndiyo tabia ya wakunga, tukishatoa kichwa hatuachi mabega.

Hospitali kwanza. Ile sindano inafanya kazi ambayo mwili wa mtoto wetu hauwezi. Hakuna mfungo unaoifanya, hakuna mafuta yanayoifanya. Ukikatiza, ataanza kiu. Atakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, atakojoa vilevile. Halafu atatapika, atahema kwa nguvu, pumzi itanuka kama tunda lililoiva likapitiliza. Akifika hapo usihesabu siku.

Sasa Maandiko. Bwana aliwauliza watu wa dini, nani kati yenu punda wake akitumbukia kisimani siku ya sabato atamwacha humo? Walinyamaza wote. Punda hutolewa kwa kamba, mdogo wangu, na sijasikia mtu akisema kamba ni mungu wa punda. Halafu nieleze, Mwalimu wenu si anavaa miwani? Bila miwani anasoma? Basi alete beseni la pili.

Kama mumeo anashikilia maneno ya yule muuza magodoro, usibishane naye. Ficha dawa. Akikuuliza, danganya. Ndiyo, nimeandika danganya. Farao alipoamuru watoto wa kiume wa Waebrania wauawe, wakunga walimdanganya mchana kweupe, wakasema wanawake hawa wanajifungua kabla hatujafika. Mungu hakuwaadhibu. Aliwajengea nyumba. Ni wenzangu wale, nawasifu.

Nimempa dereva chupa mpya kwenye chupa ya chai yenye barafu. Mwambie Chiriku Mama Mkubwa anataka kujua kama bado anawasuta walimu wake darasani.

Dada yako,
Mkunga

*

Jumatano, 20 Februari

Dada,

Shikamoo. Dawa imefika salama. Nimezika chupa kwenye mtungi wa mchanga mbichi, chini ya cherehani, nikafunika na mabaki ya vitambaa vya sare za shule. Mume wangu akienda karakana, naingia na Chiriku chumba cha nyuma, namchoma haraka haraka.

Ninadanganya kama ulivyosema. Mwalimu aliniuliza mbele ya wanawake, "Umeacha?" Nikasema nimeacha. Wakapiga vigelegele, wakanikumbatia. Dada, hujawahi kukumbatiwa na watu wanaokupenda kwa uongo. Nilitamani ardhi inimeze.

Chiriku naye hanyamazi, jina halikumpotea. Juzi aliniuliza, "Mama, tukijificha huku nyuma, Mungu naye haoni?" Nikamwambia anaona na amekubali. Akasema, "Sasa si tumwambie baba kwamba Mungu amekubali?" Mtoto wa miaka tisa.

Jana baba yake alirudi mapema. Nilikuwa nimesahau pamba sakafuni, ina tone la damu. Aliiona. Aliiokota, akaitupa kwenye moto, akauliza chakula kiko wapi. Nadhani hakuelewa ni nini. Au alielewa akachukia, sijui, uso wake ni kama lile geti la nyumba yetu.

Wewe unasema nivunje amri ya tisa, ya uongo, nipate kushika ya sita, usiue. Lakini nani alikupa ruhusa ya kuzipanga, hii kubwa, hii ndogo? Zote ziliandikwa na kidole kimoja. Silali vizuri.

Mdogo wako,
Fundi

*

Jumatatu, 25 Februari

Mdogo wangu,

Unauliza nani alinipa ruhusa ya kuzipanga. Soma ya tisa yote, usiishie katikati kama mtu anayekimbilia basi. Inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Jirani yako. Ni amri ya kumlinda mtu aliye karibu nawe asidhurike kwa mdomo wako. Ndani ya nyumba ile jirani yako ni nani? Ni Mwalimu, au ni huyo anayelala kitandani na mguu juu ya tumbo la mdogo wake? Ukimwambia Mwalimu kweli, Chiriku anakufa. Hiyo kweli ni kisu.

Sikukatazi kuamini. Nami naamini, kwa namna yangu ya kunung'unika. Usiku nikiwa zamu na mama ametoka damu nyingi, ninaomba huku mikono inafanya kazi. Sijawahi kuikunja ili niombe vizuri zaidi.

Fanya hivi. Funga nguo chache, chukua Chiriku na mdogo wake Bonge, mje kwangu. Mwambie mumeo naumwa. Ukishindwa, nivumilie kidogo. Huku wenzangu wawili wana likizo na siwezi kutoka. Nitakuja wiki ya pili ya Machi. Mpaka hapo usimwambie mtu. Hata kama roho inakuuma, iache iume. Mimi nitaibeba dhambi hiyo siku ya hukumu, niandikie kwenye jina langu.

Dada yako,
Mkunga

*

Jumapili, 3 Machi

Kwa dada yangu katika mwili,

Amani ya kundi iwe nawe. Ninakujulisha kwamba nimeungama mbele ya watu wote uongo niliokuwa nikiuishi kwa ushauri wako. Chupa zote nimezivunja kwa mkono wangu, hakuna hata moja iliyobaki. Mzigo umenitoka. Mtoto ameombewa na yu katika mikono iliyo salama kuliko ya madaktari. Ana furaha na anakunywa maji ya baraka kwa wingi, mchana na usiku, jambo ambalo ni ishara ya kuoshwa.

Usije. Usilete kitu. Aliye nje ya kundi hawezi kuelewa yaliyo ndani.

Mtumishi katika kundi

*

Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu,

Barua ya Jumapili nimeipata sasa hivi. Mwandiko ni wako, maneno si yako. Tangu lini mimi ni dada yako katika mwili?

Kunywa maji mchana na usiku si kuoshwa. Nilikwambia ni nini. Mchukue mtoto sasa, ukiwa na khanga hiyohiyo uliyovaa, mpeleke hospitali yoyote. Waambie neno moja tu, sukari, watajua la kufanya. Usingoje mume, usingoje Mwalimu, usinisubiri mimi.

Hii nampa dereva anayeondoka dakika hii. Mimi nakabidhi wodi, nikipata tu wa kunipokea napanda gari linalofuata. Ukitaka nikupigie magoti nitapiga. Ukitaka nisali pale kwenu maisha yangu yote nitasali. Mpeleke.

Dada

*

Jumatatu, 18 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma hii. Siku ile ya Alhamisi uliingia uani, ukapita katikati ya watu, ukamshika Chiriku shingoni kwa vidole viwili, halafu ukakaa chini. Kisha ukainuka ukampiga Baba Chiriku makofi mbele ya askari, naye akasimama tu, mikono chini. Askari wakamchukua yeye. Ukazika nasi, ukaondoka bila kuniaga. Nadhani ulifikiri ni yeye.

Si yeye.

Kuungama hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nimechoka kukumbatiwa. Nilisimama, nikasema yote, nikafungua khanga niliyofungia chupa, nikaanza kuzivunja kwa jiwe, kundi wanaimba. Baba Chiriku akatoka nyuma akanishika mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Chiriku, bakiza moja."

Kumbe alijua siku zote. Ile pamba aliitupa motoni kwa sababu jirani wa kundi alikuwa anapiga hodi. Alikuwa akirudi na kupiga mluzi kutoka mbali ili tumalize. Hakuniambia. Nami nikamjibu mbele ya watu, "Kwa Mungu hakuna kubakiza," nikaivunja ya mwisho.

Barua ile ya amani alinisomea Mwalimu, mimi niliandika tu. Lakini mkono ulikuwa wangu.

Jumatano alianza kuhema kama ulivyosema, na ile harufu. Barua yako dereva aliileta jioni. Niliisoma, nikaiweka chini ya Maandiko. Baba Chiriku akatoka mbio kutafuta gari. Akiwa nje nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa chini nimeuegemea. Ule mlango wa chuma aliuchomelea yeye mwenyewe baada ya wezi kutuingilia, unaujua. Alirudi, akaugonga. "Nifungulie. Niite vyovyote unavyotaka, nifukuze kwenye kundi, ila nipe mtoto." Chiriku akasema, "Mama, baba amerudi." Nikamwambia tulia, tunaomba. Hakusema kitu tena baada ya hapo. Yeye, asiyenyamaza.

Baba yake alikwenda karakana akaja na mashine ya kukatia chuma. Alipomaliza kukata ilikuwa bado kidogo kupambazuke.

Mwalimu anasema Mungu amemtwaa. Nami nasema hivyohivyo. Dada, nisiposema Mungu amemtwaa, basi nimemuua mimi. Chagua wewe, unataka niamini lipi kati ya hayo mawili na bado niamke asubuhi nimpe Bonge uji?

Mdogo wako

*

Jumanne, 2 Aprili
Mahabusu

Shemeji,

Salamu nyingi. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa namchumbia mdogo wako, na hata zile niliandikiwa na rafiki, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Mama Chiriku amekuja kunitazama. Ameniambia amekuandikia kila kitu. Shemeji, nakuomba uichome ile barua. Mimi polisi nimewaambia nilivunja chupa mimi, na mlango nilifunga mimi, nikamzuia mama asitoke. Wameandika, nimetia dole gumba. Mlango uliokatwa nimesema nilikata kwa hasira. Wale wa kundi hawatasema lolote, wanadhani kunyamaza kwao kunamlinda Mwalimu.

Sababu ni Bonge. Ana miaka miwili. Mtoto amepoteza dada, akipoteza na mama atabaki na nini? Mimi ni mtu wa kazi ngumu, jela nitaiweza.

Ulimwambia mke wangu wakunga walidanganya na Mungu akawabariki. Alinisimulia. Nami basi nadanganya kidogo. Na nimeiangalia amri yenyewe: inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Haikusema usijishuhudie mwenyewe.

Lile kosa langu nalijua. Nilijua anamchoma mtoto, nikanyamaza, nikidhani kunyamaza ndiyo kumsaidia. Ningesema tu "najua, endelea," pengine asingekuwa na kitu cha kuungama. Tulifichana jambo moja, nyumba moja. Yale makofi nilistahili, ila si kwa sababu uliyofikiri.

Ichome, shemeji.

Shemeji yako,
Baba Chiriku

*

Jumapili, 14 Aprili

Shemeji,

Kwanza naomba radhi. Nilikuchukia tangu Februari, nikakutukana kila nilipokuwa peke yangu jikoni, nikakupiga mbele ya mwili wa mwanao. Ulikuwa unapiga mluzi kutoka mbali. Sijui nitalala vipi na hilo.

Barua yako iliponifikia nilichukua kiberiti. Ndiyo, nilitaka kuichoma. Niliweka barua ya mdogo wangu kwenye sahani, nikasema damu ni nzito kuliko maji, acha iende. Halafu nikaona niende kwanza nikamtazame Bonge, nikirudi nitaichoma.

Shemeji, nimemkuta mtoto anahema mbavu zikiingia ndani. Nimonia, hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angeiona kutoka mlangoni. Mdogo wangu amempakata, amemwekea kitambaa cha maji kifuani. Nikamwambia, "Mlete hapa." Akanitazama kwa upole, shemeji, upole uleule aliokuwa nao akiwa mdogo. Akasema, "Hapana dada. Safari hii nitaamini kweli. Ile ya kwanza nilikuwa na shaka ndani ya moyo, ndiyo maana."

Nilimnyang'anya. Nimemnyang'anya mdogo wangu mtoto mikononi, akaning'ata mkono, majirani wakajaa uani. Nilikimbia naye mpaka barabarani. Aliwekwa kwenye oksijeni, na leo amekaa mwenyewe akaomba mkate. Usiogope, ataishi. Afisa wa ustawi wa jamii amemkabidhi kwangu kwa muda tu. Amesema mama asiye na shtaka lolote atarudishiwa mtoto wake.

Basi nisikilize. Wale wakunga walidanganya, watoto wakaishi. Wewe ukidanganya, mtoto anarudi kwenye mapaja yale. Nilimwambia mdogo wangu ya tisa ni ya kumlinda jirani, na wiki hii jirani wetu ni Bonge. Sikujua maneno yangu yatanigeukia hivi. Ningejua ningeyaandika kwa upole zaidi.

Barua sikuichoma. Jana nimeipeleka kwa mpelelezi. Nilipomkabidhi, alinisomea kwa sauti ili nithibitishe ni mwandiko wake, na alipofika pale Chiriku anaposema baba amerudi, akaacha kusoma akaangalia dirishani.

Wataniita mahakamani, nitasimama, nitaapa kwa Maandiko yaleyale, nitasema kweli juu ya mtoto wa mama yangu. Mama alipokuwa anakata roho aliushika mkono wa mdogo wangu akauweka kwenye wangu. Hilo hakuna amri inayonieleza nilifanyeje.

Ukinichukia una haki.

Shemeji yako,
Mkunga

*

Jumatatu, 30 Septemba
Gereza la wanawake

Dada,

Shikamoo.

Umeniandikia mara nyingi, sikujibu. Umekuja kunitazama, nikakataa kutoka. Walinzi walinieleza ulikaa kwenye benchi mpaka muda ukaisha, ukawaachia sabuni. Sabuni niliigawa. Nimesikia Baba Chiriku ameachiwa, amepanga chumba karibu na kwako, na Bonge analala kwenu zamu kwa zamu. Nimesikia pia Mwalimu amehamia mji mwingine, na tayari ana kundi kubwa kuliko letu.

Sijakusamehe. Nisikudanganye, kwa kuwa tumeshadanganyana vya kutosha. Siku ulipopanda kizimbani ukaweka mkono juu ya Maandiko, nilijiambia, yule pale ni dada yangu, ananiua kwa kweli. Hakimu alipotaja miaka saba sikusikia, nilikuwa naangalia viatu vyako. Ulivaa vya kazini.

Humu nimepewa cherehani. Tunashona sare za wafungwa. Wanawake waliambiwa mimi ni mtu wa dini, wakawa wananiomba niwaombee. Mwanzoni niliwaombea. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, kama maji ya bomba lililoachwa wazi, sikuwa ndani yake. Halafu nikaacha. Kuna mmoja, tunamwita Jirani kwa sababu mkeka wake uko karibu na wangu, yuko humu na mtoto wake wa kunyonya. Ni mwizi wa dukani, anachekesha kupita kiasi. Amenifanya nicheke mara mbili. Nilikimbia kwenda kujificha, nikaona haya.

Leo mchana, tukiwa kwenye kushona, mtoto wake ameanza kukakamaa. Macho yamepanda juu, povu mdomoni. Jirani amepiga magoti, akanisukumia mtoto, anasema, "Mama, wewe unajua kuomba. Omba! Omba haraka!" Wote wameinamisha vichwa wananingoja mimi. Nimempakata. Alikuwa wa moto kama pasi. Nilifungua mdomo.

Dada, nimepiga kelele. Sikuomba. Nimepiga kelele, "Askari! Mtoto anakufa! Askari!" Nimepiga kelele mpaka nikaonja damu kooni. Wameniambia nyamaza utaadhibiwa, sikunyamaza. Mmoja amenipiga kirungu begani, nikazidi. Mpaka amekuja mkubwa wao, akamwona, akamchukua mtoto akakimbia naye mwenyewe, kofia imemdondoka njiani.

Hawajarudi kutuambia kitu. Jirani amekaa hapa pembeni, ameshika kofia ile, haachi kuikung'uta mavumbi. Ananiuliza kama atapona. Nimemwambia sijui. Ni neno ambalo sijawahi kumwambia mtu aliyeniomba nimwombee, na limetoka.

Ukija tena nitatoka.

Mdogo wako